Nusu Saa

Sisi wa Newfoundland tuna nusu saa yetu wenyewe.
Majirani huhesabu saa kamili, sisi tumebaki katikati
kama mgeni aliyebisha hodi, hajaitikiwa,
mguu mmoja ndani, mmoja kwenye theluji.

Miaka ishirini na mitatu niliandika
juu ya kila barua ya kwanza ya muhula:
Darasa ni saa nane na nusu za kwenu. Si saa nane.
Na kila muhula alikuwapo mmoja
aliyefika mapema, akakikuta kioo kitupu,
akajitazama mwenyewe.

Nilifundisha takwimu kutoka chumba cha chini,
kati ya boila na chupa za jamu za Eldred.
Yeye aliendesha gari la kusukuma theluji, zamu ya usiku.
Tulipishana jikoni saa tisa,
yeye akivua buti, mimi nikienda Mongolia.
"Nisalimie," alisema.
"Nimsalimie nani?"
"Yeyote aliye macho."

Walikuwapo walio macho.
Otgonbayar, mwanawe akipiga mswaki nyuma yake mchana kweupe.
Suliana wa Tonga, aliyepanda kilima cha makaburi
kila Jumanne kuutafuta mtandao,
akajibu maswali ya wastani na mkengeuko
huku mbwa wakibweka na giza likimla uso.
Nilijifunza kusoma kimya:
kuna kimya cha asiyeelewa,
kuna kimya cha umeme kukatika,
na kuna cha aliyeelewa kitambo, ananistahi tu.

Kisha kebo ya baharini ikakatika.
Suliana akapotea wiki tano.
Mfumo ukamwandikia sifuri, sifuri, sifuri.
Nikawaandikia wakubwa wa chuo, nikawaka:
sifuri na pengo si ndugu!
Sifuri ni jibu. Pengo ni swali.
Hilo ni somo la wiki ya pili, waheshimiwa.
Wakafuta.
Aliporudi alinitumia kazi zote,
kwa penseli, nyuma ya ratiba za ibada,
picha ya ukurasa mmoja mmoja, kidole gumba chake pembeni.
Nikajiona shujaa. Kisa hicho nilikisimulia
kwenye kila mkutano walionialika.

Sikusimulia cha Gocha.

Gocha wa Kutaisi, kamera imezimwa tangu siku ya kwanza,
herufi moja tu kwenye mraba wa kijivu.
Aliingia, akakaa, hakusema, akatoka.
Kazi mbili alileta, nzuri. Ya tatu hakuleta.
Nilimwandikia mara moja. Mara moja tu.
Muhula ule walikuwa mia mbili na kumi, mgongo ukiniuma,
na ni rahisi kumwita mtu mvivu
usipouona uso wake.
Ile sifuri niliiandika kwa mkono wangu.
Hapakuwa na mfumo wa kuusingizia.

Mwezi Juni waliniaga. Keki ilikatwa Toronto,
mimi nikala kwa macho.
Mkuu alilitaja jina langu vizuri, kisha picha ikaganda
kwenye neno "mchango",
akabaki mdomo wazi kama chewa sokoni.
Kufika Agosti vyumba vyangu vyote vilikuwa vimefutwa.
Miaka ishirini na mitatu,
na hakuna hata vumbi la chaki la kupangusa.

Nimeomba sifuri ya Gocha ibadilishwe, iwe kistari.
Walinijibu kwa nambari ya ombi.
Jana ombi limefungwa.

Bado naamka saa tisa.
Eldred amestaafu pia, naye hauamini usiku;
anateremka na soksi moja, anauliza namngoja nani.
Namwambia nangoja maji yachemke.
Nje theluji imelala barabarani, bado haijaguswa.
Kutaisi sasa ni saa nne na nusu.